Fukusi Mwenye Lebo Tatu

Nyinyi mnaopita Silanga asubuhi mkienda kazini au chuoni, mnaniona nimeinamia sukuma wiki zangu kando ya Dam, bwawa letu la hapa, na mnaniita mama wa mboga. Sikatai. Lakini kabla ya mboga, kwa miaka thelathini na mmoja, kazi yangu ilikuwa fukusi. Ndiyo, hao hao, ndugu za wale mnaowatoa kwenye maharagwe kabla ya kuyabandika motoni. Nilikuwa fundi wa wadudu katika makumbusho, kwenye chumba cha nyuma ambacho wageni hawafikishwi, na jina langu ni Ndunge Mutua, ingawa hapa mtaani nimezoeleka kama Mama Mwende.

Nekesa ndiye aliyenisukuma niandike. Ni binti aliyezaliwa Gatwekera, mtaa jirani, akaja kwetu makumbushoni kujifunza kazi akiwa bado mwanafunzi, na leo ni daktari wa wadudu mwenye hadubini yake mwenyewe. Anasema vijana anaowapokea siku hizi wanajua kupiga picha za wadudu lakini hawajui kushika gundi. Basi haya ni yenu. Msitafute mpangilio, maana kumbukumbu zangu zinakuja zinavyotaka zenyewe.

Nianze na majirani. Nilipopata kazi hii, jirani yangu mmoja alinijia na mkebe wa maharagwe yaliyotobolewa, akaniwekea mlangoni. "Si wewe ndio daktari wa fukusi? Hebu tibu hizi." Watu wa ploti nzima wakacheka wiki nzima. Kanisani ikawa vibaya zaidi. Kwenye kikundi cha akina mama, mke wa mchungaji aliniuliza kwa upole, mbele ya wote, kazini huwa nafanya nini hasa. Nami kwa ujinga wangu nikajibu ukweli: nafungua matumbo ya fukusi dume na kuangalia sehemu zao za siri. Kisha mke wa mchungaji akasema, "Tuombe."

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Fukusi wa misitu ya milimani wengi hawaruki. Mabawa yao ya juu yameshikana kama mfuniko, kwa hiyo wa mlima huu hawezi kwenda kuoa mlima ule, na kila mlima unabaki na wake. Kwa macho wanafanana: weusi, wadogo kuliko punje ya mtama, pua ndefu mbele. Ukitaka kujua kama huyu ni wa aina mpya au ni yule yule wa zamani, mara nyingi jibu limo tumboni mwa dume. Ukiona aibu hutafanya kazi hii.

Aliyenifundisha ni Mzee Okello. Mimi niliingia pale kama mfagiaji. Siku moja ya mapumziko alinikuta uani nikisuka kiondo, akasimama akaangalia vidole vyangu muda mrefu mpaka nikaanza kuudhika. Akaniambia, "Nyar Kitui, weka ufagio chini." Nyar Kitui maana yake binti wa Kitui, na hakuwahi kuniita kitu kingine. Yeye ni mtu wa ziwani, mrefu, mwenye mikono mikubwa kama sepetu, na kwa mikono hiyo alikuwa akishika fukusi wa milimita tatu bila kumvunja unywele.

Siku ya kwanza hakunipa mdudu. Alinipa karatasi na kalamu yenye ncha ya sindano, akaniambia niandike lebo, na nikaandika lebo miezi miwili. Mdudu mdogo hatobolewi kwa pini, maana atapasuka. Unakata kadi iwe pembetatu ndogo, unapinda ncha yake, unatia nukta ya gundi, unambandika mdudu kwa ubavu wa kulia. Pini inapita kwenye kadi, na chini yake, kwenye pini hiyo hiyo, inakaa lebo: mlima gani, msitu gani, siku gani, nani alimkusanya. Mzee alinikaririsha kwamba lebo haitolewi kamwe kwenye pini. Hata ikiwa na kosa unaiacha pale pale, unaandika nyingine ya kusahihisha, unaiweka chini yake, na anayekuja baadaye anajisomea safari yote.

Kuhusu hilo la nani alimkusanya, mnisikilize vizuri. Mzee Okello alipanda milima mingi ya nchi hii na gunia mgongoni. Yeye ndiye aliyepiga magoti, akachota majani yaliyooza, akayachekecha kwenye chekeche, akayatundika kwenye mifuko ya wavu mpaka wadudu wenyewe wakashuka. Lakini lebo ilibeba jina la mkubwa wa msafara, aliyekuwa kambini akinywa chai. Ndivyo ilivyokuwa. Nimeandika maelfu ya lebo kwa mkono wangu na hakuna hata moja yenye jina la Okello, wala langu. Hakulalamika. Ila mara moja tu, tukibandika fukusi mpya aliyepewa jina la mgeni ambaye hajawahi kukanyaga mlima huo, alisema polepole, "Huyu nilimtoa mimi, chini ya mwanzi, nikiwa na malaria." Akaendelea kubandika.

Sasa niwaambie kosa langu.

Mdudu aliyekauka akihitaji kubandikwa upya unamlainisha kwanza kwenye maji vuguvugu, ndani ya sahani ndogo ya kioo. Sheria ya Mzee ilikuwa sahani moja, mdudu mmoja. Alinikumbusha kila asubuhi mpaka nikawa namalizia mwenyewe kabla hajafika mwisho. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na mtu alikuja kuniambia maji ya Dam yameanza kuingia nyumba za chini. Mwende wangu alikuwa mdogo, nimemwacha ndani na mlango umefungwa kwa nje. Fikirieni mama anayejua hilo, na mezani ana fukusi wawili wa kumaliza. Niliwatia wote wawili kwenye sahani moja, mmoja wa msitu wa Cherang'any, mwingine wa vilima vya Taita. Nilipowatoa, vichwa vyote viwili vilikuwa vimeachia, pamoja na vifua na miguu ya mbele.

Miili niliijua, kwa sababu yule wa Cherang'any alikosa mguu mmoja wa nyuma. Vichwa sikuvijua. Nilivitazama, nikachagua, nikavigundisha, nikatoka mbio. Nilimkuta Mwende amekaa juu ya meza na maji yako chini yake, anaimba. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma. Kesho yake nilinuia kumwambia Mzee. Alikuja ananiuliza habari za mtoto hata kabla ya kuvua koti, na ule upole wake ukanifunga mdomo. Nikasema nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilichukua zaidi ya miaka ishirini.

Nilishastaafu Nekesa aliponipigia simu.

"Mama, sasa? Uko na dakika? Keti chini kwanza."

"Niko shambani, nitaketi wapi?"

"Basi simama tu. Nimepata mpya! Alikuwa kwa droo zetu hii miaka yote. Ako mmoja tu, wa Cherang'any, na hafanani na mtu. Nimemwandikia karibu miaka mbili na paper iko ready, Jumatatu naituma. Na unajua nampea jina ya nani? Mzee Okello! Nilienda kwa kumbukumbu za safari, nikaona ni yeye alimtoa."

Vijana wangu, nililia pale pale kwenye sukuma wiki. Niliona jina lake la Kilatini kabla hajalitamka, *okelloi*, kwenye kitabu, hata sisi sote tukishaondoka. Nekesa alishamwambia Mzee. Mkewe, Mama Achieng', alishatangaza kanisani kwao Kawangware, na suti ya Mzee ilikuwa imepelekwa kupigwa pasi.

Kisha Nekesa akanitumia picha.

Ilikuwa picha kubwa, fukusi amejaa simu nzima. Mwili laini unaong'aa. Kifua chenye mifereji na mguu wa mbele wenye jino. "Ona," aliandika, "mwili ni wa Cherang'any, mbele ni kama wa Taita! Ajabu, si ndio?" Nilitazama kati ya kifua na mwili. Palikuwa na tone dogo la gundi, rangi ya chai ya rangi. Gundi ya Mzee haikuonekana kamwe. Ile ilikuwa yangu. Nikahesabu miguu ya nyuma nikakuta mmoja haupo.

Nitasema ukweli, maana nimeshaanza. Kwa siku mbili sikusema kitu. Nilijiambia hakuna atakayejua. Nilijiambia Mzee ni mtu wa miaka themanini na kitu, macho yameshaondoka kwa ugonjwa wa presha ya macho, mwache apate furaha yake. Nilikuwa naona aibu mpaka chakula kikakosa ladha. Lakini fundi hawezi kumdanganya fundi. Nilijua siku moja mtu mwingine, katika nchi nyingine, atamtia mdudu yule kwenye maji vuguvugu, kichwa kitaachia, na atacheka. Atafuta jina, na jina atakalolifuta ni la Okello. Hilo ndilo lililoniondoa nyumbani Jumamosi asubuhi kwenda Kawangware.

Mzee anakaa Gatina, huko huko Kawangware, chumba kimoja safi, redio kwenye dirisha. Alinitambua kwa hatua.

"Nyar Kitui! Umesikia habari zangu?"

"Nimesikia, Mzee. Nimekuja kuziharibu."

Nikamwambia yote. Mvua, Mwende, sahani, gundi. Sikuruka kitu. Mama Achieng' alisimama na sufuria mkononi hakuiweka chini. Mzee akanigeuzia sikio, akauliza.

"Sahani moja?"

"Sahani moja, Mzee."

"Nilikwambia mara ngapi?"

"Kila siku."

Alikasirika. Msifikiri wazee hawakasiriki. Alikaza uso, akaniambia nitoke nikae nje na Mama Achieng', yeye anataka kuwa peke yake. Tulikaa nje kwenye ngazi, mimi na yule mama, tukamenya viazi. Niliona nimempokonya mtu kitu cha pekee alichowahi kupewa. Baada ya muda mrefu Mzee akaita.

"Lebo ya Cherang'any iko na mwili?"

"Iko na mwili. Mwili niliujua kwa ule mguu."

"Basi mwili ni wangu. Kichwa ndicho si changu." Akageuza uso kwangu, macho yake meupe yakatazama bega langu. "Tumbo mmelifungua?"

"Nekesa hakufungua. Aliogopa kuharibu, kwa vile yuko mmoja."

"Mwambie afungue. Na wewe ushike taa."

Nilimfuata Nekesa makumbushoni siku hiyo hiyo, nikamwambia. Aliinamisha kichwa chake mezani. "Mama, hiyo ni miaka mbili ya maisha yangu. Kwa nini hukusema?" Nikamwambia niliogopa, basi. Akafuta macho, akaenda kuchemsha maji. Akarudi na sahani za kioo, akaziweka mbele yangu akinitazama. "Ni mbili," akasema. Nikajua tutapona.

Gundi ilichukua saa nzima kuachia. Kichwa kilipoelea, Nekesa alikilinganisha na fukusi wa Taita, na kilikuwa cha yule wa kawaida kabisa, anayejulikana siku zote. Hapo nilitaka kwenda nyumbani. Lakini tukafungua tumbo, mimi nikishika taa kama nilivyoamriwa. Nekesa akatazama, akatazama tena, akainuka aniachie kiti. Niliweka jicho. Vijana, nimefungua matumbo mengi, na umbo lile nilikuwa sijaliona kwa dume yeyote. Mzee alikuwa amemtoa fukusi mpya kweli, na mimi nilikuwa nimemficha chini ya kichwa cha mwingine.

Tatizo ni kwamba sasa hakuwa na kichwa. Huwezi kumweleza mdudu kwa ulimwengu kuanzia kiunoni. Tukamtafuta mwenzake wa Taita, aliyebeba kichwa chetu. Droo ile iliwahi kuingiliwa na wadudu wanaotafuna wadudu waliokaushwa, na tulichokuta ni pini, lebo na vumbi. Ilibaki njia moja, kupanda mlima. Lebo ilisema msitu wa Cherang'any tu, na msitu ule ni mkubwa.

Tukarudi basi Gatina, safari hii watu wawili. Nekesa aliketi sakafuni na daftari, Mzee akafumba macho yasiyoona, akapanda mlima akiwa kwenye kiti. Alimwambia aache njia ya juu, ashuke mpaka kijito kinapoingia chini ya mwanzi, kisha avuke aende upande ambao jua huchelewa kufika. Alikumbuka jiwe la kufulia. Alikumbuka mahali alipoteleza akamwaga ugali wa watu wote. Nilimsikiliza nikawaza kwamba miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nekesa alipanda. Siku nne alichekecha, hakupata. Siku ya tano alimpigia Mzee, nami nilikuwepo, simu imewekwa sauti ya kusikika na wote.

"Mzee, hakuna kitu. Labda walikwisha."

"Unachekecha majani ya rangi gani?"

"Brown. Yale makavu."

"Hayo ni ya juu. Nimekwambia uchote mkono mzima. Chini kuna meusi, yananuka uyoga."

Simu ikakatika. Mama Achieng' akatia chai, ikapoa. Ilipolia tena, Nekesa alikuwa anapiga kelele mpaka sauti yake ikaishinda redio ya dirishani. "Nimempata! Mzee! Mama! Ako na kichwa chake!" Mzee alicheka, kisha kicheko kikageuka, akafunika uso kwa ile mikono mikubwa. Mimi nilimshika bega tu. Walitoka kumi na mmoja, wazima, na matumbo ya madume yana umbo lile lile; ila vichwa na vifua vyao ni vya kawaida sana, havina mifereji, wala miguu yao ya mbele haina jino. Nekesa alimweleza Mzee hivyo kwa kusitasita, akimwomba msamaha kwamba si mdudu wa kupendeza.

"Huyo ndiye," akasema Mzee. "Hata mimi sikuwahi kuwa wa kupendeza."

Makala ilitoka mwaka huu. *Okelloi* ipo, na anayelibeba jina rasmi, kama kielelezo cha aina yake, ni dume mmoja kati ya wale kumi na mmoja. Siku Nekesa alipoileta Gatina, Mzee alivaa suti. Alisomewa ukurasa kwa ukurasa, Mama Achieng' akipiga vigelegele hata penye vipimo vya miguu. Walipomaliza, Mzee akaniuliza mimi.

"Na yule wetu wa zamani? Asiye na kichwa?"

"Yupo droo ile ile, Mzee, kwenye pini yake. Nimemwandikia lebo."

"Isome."

Niliijua kwa moyo. Niliiandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ile ya sindano, na ndiyo lebo pekee katika kabati zile yenye jina langu. "Kichwa cha fukusi wa Taita kiligundishwa hapa kwa makosa, kimetolewa. N. Mutua, fundi."

Alitikisa kichwa. "Haijaisha."

"Nini kimebaki?"

"Huyo Mutua alifundishwa na nani?"

"Mzee, kosa ni langu."

"Kosa ni lako, lakini mwanafunzi ni wangu. Andika."

Niliomba karatasi ya Nekesa nikaandika hapo hapo, juu ya meza ya chai. Mtakapofika makumbushoni, mwombeni Nekesa awafungulie droo hiyo. Mtaona fukusi mweusi asiye na kichwa wala mguu mmoja wa nyuma, na chini yake lebo tatu. Ya kwanza ina jina la mkubwa wa msafara, ya pili ina langu, na ya tatu, ndogo kuliko zote, inasema: alifundishwa na Okello.